Kuzamia Kamba si Kazi ya Mtungi

Likizo iliyopita, kijana mmoja jirani yetu kule Ngamiani alitwambia kuwa ameazima mtungi wa hewa, naye atatufunza kuzamia kamba na kupiga samaki kwa mshale. Mimi nilikataa, nikachekwa sana. Naomba nafasi nieleze sababu zangu.

Tumesoma katika fizikia kwamba kwenye kina cha mita 10 hewa hubanwa ikabaki nusu ya ujazo wake. Basi mtu akivuta hewa ya mtungi huko chini, akazuia pumzi na kupanda juu upesi, hewa ile hutanuka kifuani mpaka mapafu huweza kupasuka. Jambo hilo halijaribiwi na asiyefundishwa! Tena Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 zilikataza kuvua kwa mitungi.

Mjomba wangu huzamia kwa pumzi zake. Humfunga pweza kijitini akamwingiza pangoni. Kamba humwogopa mno pweza, hivyo hutoka mbio, akaangukia wavuni. Jike mwenye mayai chini ya mkia hurudishwa. Na pumzi za mjomba zinapokwisha, uvuvi umekwisha. Kamba walio chini zaidi husalimika, wakazaa. Mtungi hauwaachi hata hao.

Jirani yangu akitaka kujifunza, mjomba yu tayari, asubuhi maji yakipwa. Ila aje na glavu nene, maana kamba wetu hana magando, lakini miiba anayo.