Kinachompeleka Wakili Mbamba Bay



Vijana wetu wanaomaliza kidato cha 6 wakiulizwa kwa nini wanataka kusomea sheria, majibu yao hujulikana. Wapo wanaovutwa na joho jeusi na heshima ya kuitwa "msomi", wapo wanaozitazama ada za kesi za makampuni, na wapo, tena si wachache, wanaosema wanataka kuwatetea wanyonge. Jibu hili la mwisho hupigiwa makofi, nami silibezi. Ila napenda tulipime mahali ambapo makofi hayasikiki: mwambao wa Ziwa Nyasa.

Tuchukue mfano. Mvuvi Mwislamu wa Mbamba Bay amefariki, akaacha mke, watoto, nyumba, mtumbwi na nyavu zake, pamoja na shamba dogo la kahawa huko juu milimani, Mbinga. Kikao cha ukoo kinampendekeza kaka wa marehemu awe msimamizi wa mirathi, na Mahakama ya Mwanzo inamteua. Hapo ndipo mengi huharibika. Msimamizi hupewa miezi 4 kuwasilisha mahakamani orodha ya mali, lakini mwaka unapita. Mtumbwi umeuzwa, kahawa imevunwa na kuuzwa, na mjane, ambaye thumuni yake imetajwa bayana katika Surat An-Nisaa, aya ya 12, anaambiwa asubiri, shemeji yake anajua la kufanya. Hajui kwamba anaweza kurudi katika mahakama ile ile na kuomba msimamizi huyo aitwe ajieleze, au aondolewe kabisa.

Ni wakili gani ataichukua kesi hii? Kutoka Songea hadi Mbinga ni takriban kilomita 100, kisha zaidi ya kilomita 60 za kuteremka hadi ziwani. Kesi itaahirishwa mara mbili, mara tatu. Thumuni ya nyumba na nyavu haitoshi kulipa safari hizo, seuze ada. Na kwa miaka mingi, hata angetaka kwenda, sheria ilimzuia: mawakili hawakuruhusiwa kusimama katika Mahakama za Mwanzo. Katika shauri la madai, mtu aliweza kusemewa na jamaa yake au mtu wa nyumbani mwake, mahakama ikiridhia. Jamaa wa mjane, katika hali kama hii, mara nyingi ni yule yule anayelalamikiwa! Marekebisho ya mwaka 2021 yaliwafungulia mawakili mlango pale ambapo anayesikiliza shauri ni hakimu mkazi. Mlango umefunguliwa, lakini nauli haikutolewa.

Basi tusiwalaumu mawakili kwa kupenda ada. Wakili naye ana watoto na kodi ya nyumba, na ujira wa kazi ya halali hauna aibu. Mimi huwa na wasiwasi zaidi na wakili anayependa hoja kuliko mtu. Tazama shauri mashuhuri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983 chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali. Mahakama ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa, kwa mujibu wa kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Wanawake wasiohesabika wamenufaika na uamuzi huo. Lakini Bi Hawa mwenyewe rufani yake ilitupwa. Sisemi kuwa waliomtetea walimsahau. Nasema kwamba vitabu vya sheria huishika hoja vizuri sana, na swali la wapi mama yule alilala usiku ule halimo ndani yake.

Nia ya wakili nayo haikai mahali pamoja. Mwaka 1893 kijana mmoja wa Kihindi, Mohandas Gandhi, alikwenda Afrika ya Kusini kwa ajira ya mwaka mmoja katika kampuni ya mfanyabiashara Mwislamu, Dada Abdulla, kwa malipo ya pauni 105. Alifuata riziki, hakufuata ukombozi wa yeyote. Shauri lenyewe lilikuwa baina ya jamaa wawili, nalo liliamuliwa kwa usuluhishi, Dada Abdulla akashinda. Mshindwa angelazimishwa kulipa kwa mkupuo angefilisika. Gandhi akamsihi mteja wake akubali kulipwa kwa awamu, akakubali. Hakuna aliyemlipa kwa huruma ile. Aliipata kwa kukaa karibu na watu wa kesi.

Ukaribu huo ndio unaokosekana mwambaoni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na Kamati ya Msaada wa Kisheria tangu mwaka 1967, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria wanaoishi vijijini. Hawa hawaruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani, lakini wanaweza kumwandikia mjane malalamiko na kumweleza miezi 4 maana yake nini. Wakili akija kwa siku mbili za kutoa elimu kisha akaondoka, msaidizi wa kisheria ndiye atakayebaki na jalada.

Kwa hiyo, dada yangu uliye Mbamba Bay au Lituhi, ukimpata wakili anayejitolea, usimuulize kwa nini anakusaidia. Muulize shauri lako limepewa namba gani, limepangwa tarehe ipi, na siku hiyo ni nani atakayesimama nawe. Majibu yake yaandike katika daftari la mtoto, uliweke pamoja na cheti cha kifo.