Lori likiungua gereji, nani analipa?

Na Mwandishi Wetu

Misururu ya malori Tunduma, Namanga, Malaba na Rusumo imezaa biashara nyingine kando yake, nayo ni gereji. Lori linalosubiri karatasi za forodha hurekebishwa breki, huchomelewa tela au hubadilishwa springi. Mara nyingine huingia gereji likiwa na mzigo wake. Moto ukizuka humo ndani, ni nani atakayelipa?

Wengi hujibu haraka kwamba gari lina bima. Tatizo ni kwamba hawaulizi ni bima ipi.

Kadi ya Njano ya COMESA, iliyotokana na itifaki ya mwaka 1986, inatumika Tanzania hata baada ya nchi hiyo kujitoa COMESA mwaka 2000. Kadi hiyo hushughulikia madai ya watu wanaodhuriwa na gari lako ukiwa nje ya nchi yako, pamoja na matibabu ya dereva na abiria. Hailipi lori lenyewe wala mzigo. Bima ndogo nayo hailipi lori lako. Mwenye lori aliye na hizo mbili tu, gari likiteketea gereji, hana pa kudai isipokuwa kwa mwenye gereji.

Mwenye bima kubwa ana nafuu. Lakini kampuni ya bima ikishamlipa, huchukua haki yake ya kudai na kumfuata mwenye gereji endapo chanzo ni uzembe wa mafundi. Kwa hiyo mwenye gereji asijifariji kwamba mteja wake ana bima kubwa, kwani deni linaweza kuishia kwake.

Pengo liko wapi

Mwenye gereji makini hukata bima ya moto. Bima hiyo hulipa jengo lake, kompresa yake, mashine yake ya kuchomelea na spea zake. Malori ya wateja si mali yake, na yasipotajwa kwenye mkataba hayalipwi.

Wengine hukata bima ya dhima kwa umma wakidhani inatosha. Bima hiyo humfaa mpita njia aliyeangukiwa na geti. Mikataba mingi ya aina hiyo huondoa mali iliyo chini ya uangalizi wa mwenye bima, na lori lililoachwa gereji pamoja na funguo zake ni mali ya namna hiyo.

Kinachotakiwa ni bima ya biashara ya magari, ambayo kwa kawaida ina sehemu mbili. Ya kwanza ni hatari za ndani ya uzio, yaani moto, wizi na ajali gari likiwa linatengenezwa. Ya pili ni hatari za barabarani, fundi anapolitoa gari kulijaribu. Anayenunua moja tu amefunga mlango mmoja na kuacha wa pili wazi.

Hata hapo, soma masharti. Kwanza, angalia kikomo cha malipo kwa gari moja. Gereji iliyoanza na magari madogo na sasa inapokea vichwa vya malori inaweza kuwa bado na kikomo cha gari dogo. Pili, angalia eneo lililoandikwa. Gereji nyingi za mpakani huegesha malori kando ya barabara uwanja ukijaa, na gari lililo nje ya eneo hilo linaweza kukosa fidia.

Tatu ni thamani. Tuseme mali ya gereji ina thamani ya shilingi milioni 100, lakini mwenyewe ameikatia bima ya milioni 50 ili apunguze ada. Moto ukiteketeza mali ya milioni 20, chini ya kanuni ya wastani atalipwa milioni 10, yaani nusu, na bado hukatwa sehemu anayopaswa kubeba mwenyewe.

Sheria zinagusa wapi

Soko la Kariakoo liliungua Julai 2021. Mwaka uliofuata, Tanzania iliingiza katika sheria bima ya lazima kwa masoko ya umma, majengo ya biashara, bidhaa zinazoagizwa kutoka nje na vyombo vya majini. Ni hatua nzuri, lakini bima ya jengo hulinda jengo. Kwenye gereji ya malori, mali yenye thamani kubwa mara nyingi ni ile iliyoegeshwa uwanjani, na ni ya watu wengine.

Kwa mafundi wenyewe, mwajiri wa Tanzania huchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015. Kenya, sheria ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri akate bima ya ajali kazini.

Mzigo nao una hesabu yake. Bidhaa zinazopita nchi kwenda nchi jirani huwa chini ya dhamana ya forodha. Zikiibwa gereji, msafirishaji anaweza kudaiwa na mwenye mzigo na pia kudaiwa ushuru. Muulize wakala wako kama bima ya mzigo inaendelea lori likiwa limesimama kwa matengenezo, na kwa siku ngapi.

Wenye gereji hulalamika kwamba ada ni kubwa. Ni kweli kwamba itaingia kwenye bei ya ufundi. Lakini gereji isiyo na bima ina bei nafuu kwa sababu hatari yote imeachwa kwa mteja.

Kabla ya kukabidhi funguo, omba kuona mkataba wa bima ya gereji, si stika wala maneno ya mdomo. Tazama tarehe ya mwisho, kikomo kwa gari moja na eneo lililotajwa, na hakikisha ada imelipwa. Kampuni zenye malori mengi zifanye hilo kuwa sharti la kutoa kazi. Zikifanya hivyo, gereji za mpakani zitakata bima bila kusubiri sheria nyingine.