Nyani wa Amboseli na chipsi zako za jioni

Ukishuka gatini hapa Amu jioni, hesabu unachokiona: viazi karai, bhajia, chipsi, soda baridi. Samaki wa kupaka? Huyo anamngoja mtalii.

Mimi si daktari, chuo chenyewe niliacha njiani. Lakini ami yangu alikatwa mguu kwa sababu ya kisukari, na tangu siku hiyo nasoma kila kitu kuhusu chakula. Ndipo nikakutana na nyani.

Mwaka 1971, Jeanne na Stuart Altmann walianza kuwafuatilia nyani wa Amboseli. Kuna kundi moja lililozoea jaa la hoteli ya watalii. Wenzao walishinda juani wakichimba nyasi na kutafuta mbegu. Hawa wa jaani walikula mabaki, kisha wakajilaza.

Walipopimwa, ikawa kioja. Majike wa jaani walikuwa na mafuta karibu asilimia 23 ya uzani wao. Wa porini, asilimia 2 hivi. Insulini na lehemu kwenye damu zilikuwa juu, na miili ya baadhi ya madume ilishaanza kuizoea insulini hadi haiisikii. Hiyo ndiyo barabara ya kisukari, msomaji wangu.

Kwa nini nyani na si panya? Mfano mmoja tu: panya hujitengenezea vitamini C mwilini. Sisi na nyani lazima tuile. Ni jamaa zetu wa karibu kuliko panya, ndiyo maana Kenya ina taasisi nzima ya kuwatafiti huko Karen, Nairobi, iliyoanza 1960 enzi za Louis Leakey.

Najua utasema nyani ni nyani tu. Sawa, mipaka ipo. Nyani hana M-Pesa, na waliopimwa hawakuwa wengi. Tena kumfungia mnyama kizimbani ili tujue mambo ya tumbo letu ni jambo la kujiuliza mara mbili. Lakini wa Amboseli hawakufungiwa na mtu. Jaa lilikuwa wazi, wakaja wenyewe.

Na hapo ndipo penye funzo. Mbuga ni ile ile, nyani ni wale wale. Kilichobadilika ni chakula kilicho karibu na jasho la kukipata. Hakuna mtafiti aliyewaambia "jikazeni". Ila ami yangu alipougua, sote tulisema amejitakia, anapenda sukari.

Sisi tulikuwa watu wa miguu na punda. Leo bodaboda zimeingia hadi kisiwani, na soda iko kila kichochoro. Kujikaza ni vizuri, mimi mwenyewe najaribu. Lakini tuwaulize pia wanaotoa leseni za vibanda mbele ya shule: mnatufungulia soko, ama mnatufungulia jaa?

We unaonaje?