Moto Haungoji Fundi

Kuna vyombo ambavyo vikiharibika mwenye navyo hupata hasara, na kuna vyombo ambavyo vikiharibika mtu mwingine hufa. Gari la zimamoto limo katika fungu hili la pili. Kwa hiyo, viwanda vya Marekani vinapoyaita magari ya zimamoto yarudi kutengenezwa kwa sababu ya hitilafu katika vioo vya kuongozea, habari hiyo si ya mafundi peke yao. Ni habari ya wafanyakazi, na sisi tunaona kwamba yafaa wafanyakazi waizungumze.

Tueleze kwanza jambo lenyewe. Gari la zimamoto la zamani lilikuwa na swichi, vipini, na saa za kupimia zenye mishale. Gari la siku hizi lina vioo vya umeme, yaani skrini, mbele ya dereva na ubavuni penye pampu. Kioo cha dereva humwonya kwamba mlango wa sanduku la vifaa haukufungwa, au kwamba mlingoti wa taa ungali umesimama na utagonga nyaya za umeme akiondoka. Kioo cha mwendesha pampu humwonyesha nguvu ya maji yanayoingia na yanayotoka. Wakati huo mwenzake amekwisha kuingia katika nyumba inayowaka, ameshika mpira wa maji, wala haoni kitu kwa moshi. Nguvu ya maji ikipungua, hana silaha. Ikizidi ghafula, mpira waweza kumtupa chini. Uhai wa aliye ndani umo katika macho ya aliye nje, na aliye nje anatazama kioo. Kioo kikizimika, au kikionyesha tarakimu ya uongo, ni nani atakayewaonya wawili hao?

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Katika mwaka 1966, ambapo ajali za barabarani ziliua watu wapatao 50,000 katika Marekani, Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria iliyowalazimu wenye viwanda kuwaarifu wanunuzi juu ya kila kasoro ya usalama iliyogunduliwa katika magari yao. Mwaka 1974 sheria hiyo iliongezewa meno: haitoshi kuarifu tu, sharti mwenye kiwanda atengeneze kasoro hiyo bila kumtoza mnunuzi. Hivi leo kiwanda kikishatambua kasoro ya namna hiyo kina siku 5 za kazi za kuiarifu serikali, na baadaye siku 60 za kuwapelekea barua wenye magari. Orodha ya magari yanayoitwa hutangazwa hadharani. Hatuna sababu ya kuidharau sheria hiyo kwa kuwa imetungwa katika nchi ya mabepari. Haikutokana na hisani ya wenye viwanda. Ilitokana na kelele za raia waliochoka kuzika watu wao.

Hata hivyo, barua si fundi, na mwito si matengenezo. Wengi wa wazimamoto wa Marekani ni watu wa kujitolea, na aghalabu wako katika miji midogo na vijiji. Mahali palipo na gari moja au mawili tu, gari likipelekwa karakana ulinzi wa mji nao umepelekwa karakana. Sheria humlazimu mwenye kiwanda kutengeneza, lakini haimlazimu kuleta gari jingine la kushika zamu. Basi mkuu wa kituo huwa na njia mbili, na zote mbili ni mbaya: aliondoe gari na kuwaacha watu bila kinga, au aendelee kuwapeleka vijana wake motoni na chombo ambacho kiwanda chenyewe kimekwisha kukiri kwamba hakiaminiki.

Liko jambo la pili, nalo ni zito zaidi, kwani halionekani upesi. Ni jambo la umri. Haki ya kutengenezewa bila malipo chini ya sheria hiyo hukoma miaka 15 baada ya gari kununuliwa na mnunuzi wake wa kwanza. Kwa motokaa ya nyumbani huenda muda huo ukatosha. Lakini gari la zimamoto ni mali ya thamani kubwa, na haliachwi upesi. Chama cha Taifa cha Kukinga Moto cha Marekani, ambacho hutoa kanuni zinazofuatwa na vituo vingi, kimeshauri kwamba gari lililopita miaka 15 liwekwe akiba, na lililopita miaka 25 liondolewe. Maana yake ni kwamba gari laweza kufanya kazi miaka 10 mizima baada ya haki hiyo kukoma, na miaka hiyo ndiyo ya uzee wake.

Na kioo huzeeka kabla ya chuma. Mfano mmoja unajulikana sana. Mwezi Januari mwaka 2021 serikali ya Marekani iliitaka kampuni ya Tesla iyaite magari yake madogo yapatayo 158,000, kwa sababu kifaa cha kumbukumbu kilichokuwa nyuma ya kioo kilikuwa kikichakaa kwa kuandikwa na kufutwa mara nyingi. Kikichakaa, kioo huzimika, na dereva hupoteza picha ya kamera ya nyuma na vidhibiti vya kuondoa ukungu katika kioo cha mbele. Kampuni ilikubali kutengeneza mwezi uliofuata, lakini ilikataa kwamba hiyo ni kasoro, ikisema kwamba haiwezekani kutarajia kifaa cha namna hiyo kidumu umri wote wa gari. Serikali kwa upande wake ilikuwa imesema kwamba umri wa miaka 5 au 6 hautoshi. Ikiwa ndivyo ilivyo kwa motokaa ya kwenda sokoni, tuseme nini juu ya gari linalotakiwa kufanya kazi miaka 25, katika moshi, maji na mtikisiko?

Sasa tujiulize: gari hilo likizeeka huenda wapi? Mengine huuzwa au hutolewa kama msaada kwa nchi maskini. Afrika yetu imepokea magari mengi ya zimamoto yaliyokwisha kutumika Ulaya, Japani na kwingineko, nayo yameokoa maisha ya watu na mali yao. Hatuna nia ya kuwatukana waliotoa. Lakini barua ya kiwanda huandikwa kwa mwenye gari anayejulikana kiwandani. Gari likishavuka bahari na kubadili jina la mwenyewe, si ajabu barua ikabaki kwa mwenyewe wa zamani, na kasoro ikasafiri peke yake.

Wako watakaosema kwamba mwenye kupewa hana chaguo. Tunawajibu kwamba aliyepewa ni ofisi. Anayetumwa motoni ni mzimamoto. Ofisi haina haki ya kupokea hatari kwa niaba yake bila kumwambia.

Kwa hiyo tunasema mambo manne. Kwanza, mtu yeyote anayenunua au kupokea gari la zimamoto lililotumika, iwe ni serikali, halmashauri, bandari au kiwanda, atake namba ya chesisi kabla ya kutia sahihi, na aitafute katika orodha za magari yaliyoitwa. Marekani, Uingereza na Japani zote huzitangaza orodha hizo. Pili, penye skrini ya pampu pawe pia na saa ya mshale isiyotegemea umeme wa skrini hiyo. Hatusemi skrini zivunjwe. Tunasema zisiachwe peke yake. Tatu, mkataba wa ununuzi utamke kwamba kasoro ya usalama itatengenezwa muda wote gari linapokuwa kazini, na hapo hapo lilipo. Nne, mwendesha pampu anayeandika katika daftari la zamu kwamba kioo kimezimika asikilizwe siku ile ile, wala asihesabiwe mkorofi. Yeye ndiye mkaguzi wa kwanza, na mshahara wake wa ukaguzi huo ni uhai wa mwenzake.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kiwanda kinachotangaza kasoro yake kimefanya lililo wajibu wake, na hakistahili kuchekwa. Lakini wajibu huo haumaliziki posta. Unamalizika siku ile gari la mwisho litakapotengenezwa, hata kama liko katika mji usiojulikana na walioliunda. Mwananchi akipiga simu usiku kuomba msaada, haulizi gari lina umri gani wala lilitoka wapi. Hungoja maji, na ana haki ya kuyapata.