Kiteezi: Hatari ya gesi isiyoonekana chini ya sakafu

Maporomoko ya jaa la taka la Kiteezi mwaka 2024 yaliulazimisha mji wa Kampala kuutazama upya mlima wa taka uliokuwa ukikua kwa miaka mingi. Mlima huo una hatari nyingine ambayo haisikiki ikianguka: gesi inayosafiri chini ya ardhi kuelekea katika makazi ya jirani.

Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, sehemu ya jaa hilo lililoko wilayani Wakiso, kaskazini mwa Kampala, iliporomoka na kufukia nyumba, watu na mifugo. Zaidi ya watu 30 walithibitishwa kufariki dunia. Septemba mwaka huo, Rais Yoweri Museveni alimfuta kazi mkurugenzi mtendaji wa Mamlaka ya Jiji la Kampala, KCCA, Dorothy Kisaka, pamoja na maafisa wengine wawili waandamizi, na mwezi uliofuata watatu hao wakafikishwa mahakamani kwa mashtaka ya kuua bila kukusudia.

Mjadala uliofuata ulihusu uwajibikaji, fidia na mahali papya pa kutupa taka. Ni mambo ya msingi. Hata hivyo, kusimamisha malori ya taka hakusimamishi kinachoendelea ndani ya taka zilizokwisha kutupwa.

Jaa likifungwa, gesi haifungwi

Kiteezi ilianza kupokea taka mwaka 1996. Sehemu kubwa ya taka za Kampala ni mabaki ya chakula na mimea, yakiwemo maganda ya matoke. Taka za namna hii zinapooza pasipo hewa, hutoa gesi ambayo takribani nusu yake ni methani, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni kaboni dioksaidi. Humo huchanganyika pia kiasi kidogo cha mivuke ya kemikali, kama vile benzeni, ambayo husababisha saratani kwa binadamu. Uzalishaji huo huweza kuendelea kwa miongo kadhaa baada ya gari la mwisho kumwaga mzigo wake.

Gesi hutafuta njia nyepesi. Juu ya jaa kukiwa wazi, sehemu kubwa hupanda na kutawanyika hewani. Juu kukizibwa kwa udongo mzito, au ardhi ikilowa kwa mvua, gesi hulazimika kwenda pembeni kupitia tabaka za mchanga, nyufa za miamba na mitaro ya mabomba. Kwa sababu hiyo, hatua njema ya kulifunika jaa ili kuzuia moto, harufu na maporomoko inaweza kuongeza hatari kwa majirani, iwapo haitaambatana na mabomba ya kuitoa gesi kwa utaratibu.

Uingereza ilijifunza somo hili kwa mshtuko. Machi 1986, katika kijiji cha Loscoe, Derbyshire, nyumba moja ililipuka na kuharibika kabisa, na watu watatu waliokuwemo wakajeruhiwa. Uchunguzi ulibaini kuwa gesi ilitoka katika jaa la jirani ambalo tayari lilikuwa limefungwa na kufunikwa, ikapita kwenye nyufa za miamba hadi chini ya sakafu. Usiku huo mgandamizo wa hewa ulikuwa umeshuka kwa kasi, hali iliyoivuta gesi kutoka ardhini. Mjini Istanbul, Uturuki, mlipuko wa methani katika jaa la Ümraniye mwaka 1993 uliporomosha taka juu ya makazi na kuua watu 39.

Chanzo, njia na mwenye nyumba

Wataalamu wanaotathmini hatari ya namna hii huuliza mambo matatu: je, kuna chanzo cha gesi? Je, ipo njia ya kuifikisha nyumbani? Na je, kuna mtu anayeishi pale inapofika? Kimoja kikikosekana, hatari hupungua sana au hutoweka. Katika makazi yanayolizunguka jaa la Kiteezi, chanzo na watu havina shaka. Kinachohitaji kupimwa ni njia.

Hapo ndipo umbali uliochorwa kwenye ramani unapoonyesha upungufu wake. Nchini Uingereza, mita 250 kutoka kwenye jaa zimekuwa zikitumiwa kama eneo la tahadhari katika mipango ya ujenzi. Lakini mpaka wa aina hiyo ni ishara ya kuanza uchunguzi. Hauwezi kutangaza kwamba aliye ndani yake yumo hatarini na aliye nje yu salama. Nyumba ya mbali iliyo juu ya mtaro wa zamani inaweza kupokea gesi nyingi kuliko iliyo karibu lakini imetenganishwa na jaa kwa udongo wa mfinyanzi.

Kipimo cha kwanza hufanyika ardhini, kwa kuchimba mashimo membamba kati ya jaa na nyumba na kuingiza mabomba yenye matundu. Methani huweza kulipuka ikifikia kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Kanuni za Marekani hazisubiri kiwango hicho: ndani ya majengo ya jaa, methani haipaswi kuzidi robo ya kiwango cha chini cha mlipuko, yaani asilimia 1.25. Vipimo lazima virudiwe, wakati wa kiangazi na wakati wa masika, kwa kuwa shimo lililoonekana safi Januari linaweza kutoa majibu mengine Aprili.

Namna watu wanavyoishi

Tathmini inayochukuliwa kama ilivyo kutoka nchi tajiri inaweza kukosea Kampala. Familia nyingi hupanga chumba kimoja kimoja katika nyumba za mstari zinazoitwa mizigo, zenye sakafu nyembamba ya saruji ambayo mara nyingi ina nyufa. Usiku madirisha hufungwa kwa hofu ya wezi na mbu. Ndani kuna sigiri ya makaa, na kwa wengine tadooba ya mafuta ya taa. Chumba kidogo, hewa isiyozunguka na moto ulio wazi ni mchanganyiko ambao gesi kutoka ardhini haipaswi kuukuta.

Mazingira hayohayo huvuruga vipimo. Mwendesha bodaboda anayeingiza pikipiki chumbani usiku huingiza pia mvuke wa petroli wenye benzeni, na makaa hutoa gesi zake. Anayepima hewa ya ndani peke yake anaweza kulilaumu jaa kwa kosa la pikipiki, au akasingizia pikipiki na kuliachia jaa. Ndiyo maana hewa ya ndani hulinganishwa na ile iliyo chini ya sakafu na ya nje.

Suala hili halihusu jaa pekee. Vituo vya mafuta vilivyobanana na makazi vina matangi ardhini ambayo huweza kuvuja. Mvuke wa petroli huliwa na bakteria wa udongoni penye oksijeni ya kutosha, na mara nyingi hupotea ndani ya mita chache. Penye maji ya juujuu, kama katika mabonde ya Kampala, umbali huo wa kinga huwa mfupi.

Nani aondoke, nani abaki

Baada ya maafa, rais aliagiza wakazi wa jirani na jaa waondolewe. Bila vipimo, agizo la aina hiyo huweza kudhulumu pande mbili: kumng'oa asiye hatarini na kumwacha aliyemo. Mwenye ardhi anaweza kudai fidia kwa hati yake. Mpangaji wa mzigo mmoja hana hati, na akiondoka, mwingine huhamia kwa kodi nafuu bila kuambiwa kilicho chini ya sakafu.

Ibara ya 39 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inampa kila raia haki ya mazingira safi na yenye afya. Kwa wakazi wa Kiteezi, haki hiyo ingeanza kuonekana kwa mambo yanayowezekana: mabomba ya kutolea gesi kabla ya kulifunika jaa, mashimo ya kupimia upande wa makazi, na matokeo kubandikwa kwa Kiganda na Kiingereza mahali ambapo mpangaji pia atayasoma kabla ya kulipa kodi ya mwezi wa kwanza.