Kansere ya damu kwa watoto: siku zinapotea njiani

Mtoto anapata homa. Wazazi wanamupeleka ku kituo cha afya, anapewa dawa ya malaria. Homa inatulia, kisha inarudia. Midomo inakuwa myeupe, damu inatoka puani, mtoto analia mifupa. Hapo wiki nyingi zimekwisha pita.

Leusemia, ao kansere ya damu, ndiyo kansere inayopata watoto zaidi duniani. Katika nchi tajiri, watoto zaidi ya 80 kwa 100 wenye kansere wanapona. Katika nchi maskini, mara nyingi hawafike hata 30. Ugonjwa ni uleule. Kinachokosa ni njia.

Aina inayoonekana sana kwa watoto inaomba miaka 2 hadi 3 ya dawa, vipimo na kuongezwa damu. Ukikatisha, ugonjwa unaweza kurudi. Lakini tangu M23 kuingia Goma, Januari 2025, banki nyingi zilifunga, na uwanja wa ndege pia. Kufika Kinshasa ikakuwa safari ya kuzunguka. Wengine wanatazama ngambo: hospitali ya Butaro, Rwanda, inatunza kansere tangu 2012. Hata huko kunaombwa karatasi na franga, na mama anaacha watoto wengine nyumbani kwa miezi.

OMS inataka, kufikia 2030, watoto 60 kwa 100 wapone. Huku mashariki, hatua ya kwanza iko ndogo: homa ikirudia kisha dawa ya malaria, wazazi waombe muganga apime damu yote, hapana malaria peke yake.