Fumbo Lisilo Haki

Wapo wanaodai kuwa kidokezo bora cha fumbo la maneno ni kile kinachowashinda wote. Nakataa. Huenda kimewashinda kwa sababu hakikutungwa sawasawa.

Nasema hivi kwa aibu. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu niliwatungia wanachuo kidokezo hiki: "Mwalimu huipiga", herufi nne, bila herufi hata moja ya kusaidia. Jibu langu lilikuwa MEZA. Mmoja akaandika PASI. Nikampa sifuri. Akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, kwani wewe hupigi pasi?" Darasa likacheka, nikakaza uso, na sifuri ikabaki. Hata KURA ingefaa! Aliyekosea nilikuwa mimi.

Mwalimu mwenzetu wa Uingereza, D. S. Macnutt, aliyetunga mafumbo ya gazeti la Observer kwa jina la Ximenes, alieleza katika kitabu chake cha 1966 kwamba mtungaji anaruhusiwa kuhadaa, ila maneno yake sharti yaelekeze kwenye jibu kwa haki. Leo ningetunga: "Pitisha kooni samani ya mwalimu." Meza na meza, hakuna neno la ziada. Mfumbuaji atahangaika, lakini akilipata hatahitaji kuniuliza.

Basi ndugu unayehukumu, usihesabu walioshindwa. Uliza: aliyeshindwa akionyeshwa jibu, atakubali? Kama hana sababu ya kukubali, mnyime mtungaji tuzo, hata akiwa mkuu wa chuo.